Muvi Ianze kwa Kiswahili

Flashi imechomekwa, sabufa inanguruma, watu wamekaa, na muvi inaanza kuongea Kituruki. Kiswahili kimo humo humo ndani ya faili. Mwenye muvi alikisikia kwa masikio yake kwenye laptopu ya aliyemrushia. TV imeamua vingine. Kutoka nyuma ya banda mtu anapaza sauti, "Fundi, lugha hiyo!" Fundi anabonyeza kila kitufe cha rimoti, sauti inapanda, picha inaganda, na mwisho wa yote yanatokea maandishi ya Kiarabu chini ya kioo.

Hayo huwapata wenye mabanda ya Magomeni na Dunda mjini Bagamoyo, huwapata wanafunzi wa chuo cha sanaa, TaSUBa, wanaobeba kazi zao kwenye flashi, huwapata wazazi wa Kerege na Mapinga wenye watoto wasiokubali katuni ya lugha nyingine. Dawa ipo, na sehemu kubwa ni kazi ya mara moja tu. Shida ni kwamba wengi wanaitafuta pasipo: wanashinda kwenye mipangilio ya TV au ya simu, kumbe kasoro iko kwenye faili lenyewe. Traki ya Kiswahili imo, ila haina jina.

Pleya haisikilizi sauti ili ijue hii ni lugha gani. Inasoma lebo. Kwanza inaangalia kama wewe umeiambia unataka lugha ipi. Umeiambia? Inatafuta traki yenye lebo ya lugha hiyo. Haikupata, au hukuiambia kitu, inatafuta traki ambayo mtengenezaji wa faili ameitia alama kwamba ndiyo ya kuanza nayo. Hiyo nayo haipo, inachukua ya kwanza kwenye orodha. Ukishaelewa mpangilio huo hutababaishwa tena na kifaa chochote, maana tofauti kati ya laptopu, simu na TV ni kwamba kimoja kinafuata hatua zote na kingine kinaruka moja kwa moja hadi ya mwisho.

Lakini kabla hujagusa kitu, ujue una muvi ya aina gani. Muvi "iliyotafsiriwa" na DJ, ile ambayo Lufufu aliizoesha Dar es Salaam na pwani yote, ambayo Wakenya wanaye DJ Afro na Kampala wanaye VJ Jingo, kwa kawaida ina traki moja tu. Sauti ya DJ imemwagwa juu ya sauti ya waigizaji, vikachanganywa, vikawa kitu kimoja. Hapo hakuna mpangilio utakaomnyamazisha DJ ukabaki na Kiingereza, wala utakaomtoa DJ kwenye faili ambalo hayumo. Tamthilia iliyoingizwa sauti ni mambo mengine: waigizaji wa Kiswahili wamekaa studio na kusema maneno ya kila mhusika. Wengi wetu tuliizoea hiyo mwaka 2011, TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa kwa Kiswahili, nayo ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Kazi za namna hii ndizo zinazoweza kuja na traki mbili au tatu zilizotengana, na ndizo tunazozungumzia hapa.

Iko aina ya tatu, ya zamani, inayowachanganya hata mafundi: VCD na mafaili yaliyotokana na VCD, ambamo lugha moja iko spika ya kushoto na nyingine iko ya kulia. Ukiona muvi inakusemesha lugha mbili kwa pamoja, kila moja na upande wake, fungua VLC, nenda "Audio", kisha "Stereo Mode", uchague "Left" au "Right". Basi.

Kujua una aina gani, fungua muvi kwenye laptopu kwa VLC, programu ya bure iliyoanzia mikononi mwa wanafunzi wa École Centrale huko Ufaransa mwaka 1996. Bonyeza Ctrl na J. Litafunguka dirisha linaloorodhesha vilivyomo ndani ya faili: picha, sauti, manukuu, kila kimoja na lebo yake. Hesabu zilizoandikwa "Audio". Ukikuta moja, rudi kwenye maelezo ya DJ hapo juu. Ukikuta mbili, tazama mstari wa "Language". Kama moja imeandikwa "Turkish" na nyingine "Swahili", umebahatika, kazi yako ni ya dakika mbili. Kama ya pili haina mstari wa lugha kabisa, au imeandikwa "English" ilhali inazungumza Kiswahili safi, hapo ndipo penye ugonjwa, na tutafika.

Tuseme umebahatika. Herufi b kwenye kibodi ya VLC inabadilisha sauti papo hapo, na herufi v inabadilisha manukuu. Inafaa kwa dharura, ila kesho utairudia. Ili kumaliza, bonyeza Ctrl na P kufungua "Preferences", ingia sehemu ya "Audio", ushuke hadi palipoandikwa "Preferred audio language". Hapo huandiki neno "Kiswahili". Unaandika vifupisho, kimoja baada ya kingine, vikitengwa kwa mkato bila nafasi: swh,swa,sw,en. Hivyo vitatu vya mwanzo vyote ni Kiswahili. sw ni kifupisho cha herufi mbili, swa ni cha herufi tatu kinachokusanya Kiswahili chote, na swh ni cha Kiswahili chetu hiki cha pwani kikitofautishwa na cha Kongo, ambacho ni swc. Kwa kuwa hujui aliyetengeneza faili alitumia kipi, weka vyote. Kile cha mwisho, en, ni cha akiba: Kiswahili kikikosekana, bora Kiingereza kuliko Kikorea. Bonyeza "Save", funga VLC kabisa, fungua upya. Watu wengi wanasahau hatua hiyo ya kufunga, wakadhani imeshindikana.

Manukuu, yale maandishi ya chini, yako kwenye sehemu ya jirani, "Subtitles / OSD", nayo yana kisanduku chake cha lugha. Hapa uamue unataka nini hasa. Kama sauti ni ya Kiswahili, maandishi ya Kiingereza chini yake ni kero tu, yanaziba uso wa mtu bila faida. Andika none, na pleya haitakutafutia ya badala. Kama sauti utaiacha ya asili na unataka kusoma Kiswahili, andika vifupisho vile vile vya juu. Na kama nyumbani kuna mtu asiyesikia vizuri, achana na hesabu hizi: mwekee sauti ya Kiswahili na manukuu ya Kiswahili vyote pamoja, hata kama wengine watalalamika.

Tamthilia ndefu ambayo vipande vyake vyote vimekuja bila lebo lakini Kiswahili ni cha pili katika kila kimoja, inayo njia ya mkato. Kwenye "Preferences" chini kushoto chagua "All", nenda "Input / Codecs", utakuta sehemu ya kuandika namba ya traki ya sauti. Kuhesabu kunaanza na sifuri, kwa hiyo ya pili ni 1. Ukimaliza tamthilia rudisha -1, la sivyo mwezi ujao utakaa kujiuliza kwa nini kila filamu inaanza na maelezo ya mwongozaji badala ya mazungumzo.

Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi, na sitakaa sana. VLC ya Android ina "Preferred audio language" ndani ya mipangilio ya "Audio", na ya manukuu ndani ya "Subtitles". Unachagua kwenye orodha, huandiki. MX Player nayo inayo. Kama MX Player inakupa picha bila sauti, usihangaike na lugha: huenda traki hiyo ni ya DTS, ambayo pleya hiyo haiitoi bila nyongeza. Ifungue kwa VLC.

TV ndiyo yenye ubishi. Ile sehemu ya "Audio language" kwenye mipangilio ya TV mara nyingi ni kwa ajili ya chaneli zinazokuja kwa antena au king'amuzi, haiigusi flashi. Hata pale inapoigusa, fungua orodha ya lugha uone: Kireno kipo, Kifaransa kipo, Kihausa pengine, Kiswahili mara nyingi hakuna. Kwa hiyo usibishane na TV. Tengeneza faili.

Programu ya kutengenezea inaitwa MKVToolNix, ni ya bure, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Ina vyumba kadhaa. Wewe unahitaji viwili. Cha kwanza ni "Header editor". Buruta muvi yako uiangushe humo. Kushoto utaona traki zote zimepangwa: ya picha, za sauti, za manukuu. Bonyeza ile ya Kiswahili. Kama hujui ni ipi, rudi VLC usikilize kwanza ujue ni ya ngapi. Kulia tafuta "Language", weka Swahili. Kisha tafuta "Default track", weka "Yes". Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndipo wengi wanapokwama: nenda kwenye traki ya Kituruki nayo uweke "No". Faili la MKV lina tabia ya ajabu kidogo. Traki ambayo haikuandikwa chochote kuhusu alama hiyo inahesabika kuwa ni ndiyo. Ukiitia alama ya Kiswahili peke yake, pleya inaona mbili zote ni za kuanzia, inachukua ya kwanza, na ya kwanza ni Kituruki. Unahifadhi, unatoka. Inachukua sekunde chache hata kwa muvi ya saa tatu, kwa sababu hugusi picha wala sauti. Umebadilisha maandishi ya kwenye kifuniko tu.

Mwenye vipande sitini vya tamthilia asivifungue kimoja kimoja. Ndani ya MKVToolNix kuna chombo kidogo cha kuandikiwa amri, mkvpropedit, na amri yenyewe ni hii kwa faili lenye Kituruki kwanza na Kiswahili pili:

mkvpropedit kipande01.mkv --edit track:a1 --set flag-default=0 --edit track:a2 --set flag-default=1 --set language=swa

Herufi a ni ya sauti. Kwa manukuu ungeandika s. Kijana yeyote aliyezoea kompyuta atakuandikia mstari wa kuipitisha amri hiyo kwenye folda nzima ukiwa unakunywa chai.

Umefanya yote hayo na TV bado inaongea Kituruki? Basi hiyo ni TV isiyosoma lebo wala alama. Inachukua iliyo juu. Ingia chumba cha pili, "Multiplexer". Angusha faili humo, ishike traki ya Kiswahili kwa mausi uipandishe juu ya Kituruki, kisha bonyeza "Start multiplexing". Litatoka faili jipya, ukubwa karibu ule ule, ubora ule ule. Itachukua dakika kadhaa kulingana na kasi ya diski yako. Ukitaka unaweza hata kukiondoa Kituruki kwa kuifuta tiki yake, lakini mimi siondoi. Nafasi inayookolewa ni ndogo. Chumba hiki ndicho cha kupitishia pia mafaili ya MP4, kwa kuwa "Header editor" haiyafungui: yanaingia MP4, yanatoka MKV, hayapunguziwi kitu. (Nasema haya kwa muvi uliyoinunua au uliyoitengeneza wewe. Biashara ya kurushiana kazi za watu ni kesi nyingine, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo.)

Turudi kwenye manukuu, hasa yale yanayokuja kama faili pembeni, la SRT. Sheria ya kwanza ni jina. Filamu ikiitwa harusi.mkv, manukuu yaitwe harusi.srt na yakae folda moja. VLC inakubali pia harusi.sw.srt, lakini TV nyingi zinataka jina lifanane herufi kwa herufi.

Ya pili ni ya kwetu hasa. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu kama Kifaransa, kwa hiyo watu hudhani manukuu yetu hayawezi kuharibika. Yanaharibika, tena mahali pamoja: kwenye ng’. Aliyeandika kwa Word amepata ile alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, TV inasoma kwa mfumo wa zamani, na ng’ombe anatokea kwenye kioo akiwa ngâ€™ombe. Fungua SRT kwa Notepad, badilisha zote zilizopinda ziwe zilizonyooka kwa "Replace", kisha kwenye "Save as" chagua UTF-8. Ukifanya yote mawili, ng'ombe atatembea salama kwenye kifaa chochote.

Ya tatu ni kuchelewa. Midomo inasema na maandishi yanafuata baadaye: bonyeza g ya VLC kuyawahisha, h kuyachelewesha, kila mbonyezo ni sehemu ya 20 ya sekunde. Lakini kama yanaanza sawa na kadiri muvi inavyoendelea yanazidi kuachana, g na h hazitakusaidia. Manukuu hayo yalipangwa kwa nakala yenye kasi nyingine ya picha. Kati ya nakala ya picha 25 kwa sekunde na ile ya 23.976, baada ya saa moja tofauti inafika karibu dakika mbili na nusu. Tafuta manukuu ya nakala yako, au yarekebishe kasi kwa programu ya Subtitle Edit.

Na kwa mwenye banda: maandishi yakikaa chini kabisa ya kioo, walioketi mabenchi ya nyuma wanasoma visogo vya walioketi mbele. Ndani ya "Subtitles / OSD" kuna "Force subtitle position". Ongeza namba hapo na maandishi yatapanda. Pandisha na ukubwa wa herufi hadi "Larger", na uyawekee kivuli cha nyuma, maana filamu nyingi za pwani zina mchanga mweupe na herufi nyeupe juu ya mchanga wa Kaole hazisomeki.

Wanaotengeneza kazi zao wenyewe wana nafasi nzuri kuliko sisi wote, na mara nyingi wanaipoteza. Bagamoyo imekuwa na tamasha la sanaa tangu 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kuanza, chuo ambacho tangu 2007 ndicho TaSUBa. Watazamaji wake ni wa mji na wa mbali. Filamu kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, ilipokwenda kuonyeshwa Toronto ilisema Kiswahili na ikaandikwa Kiingereza chini. Ukiwa na kazi ya namna hiyo, faili lako liwe na traki moja ya Kiswahili yenye lebo na manukuu ya Kiingereza yasiyowashwa, ili mwenyeji asisumbuliwe na mgeni awashe mwenyewe.

Ukirekodi ngoma au simulizi za wazee, usiweke kila kitu Kiswahili kwa uvivu. Kikwere kina kifupisho chake, cwe. Kizaramo ni zaj, Kidoe ni doe, Kizigua ni ziw. Na kama filamu ni ya Kiswahili lakini kuna bibi anayesema Kikwere sehemu mbili tatu, tengeneza manukuu madogo ya sehemu hizo tu, na kwenye "Header editor" uyawekee "Forced display" kuwa "Yes". Pleya inayoijua alama hiyo, VLC ikiwamo, itayaonyesha pale bibi anapozungumza hata kama mtazamaji hajawasha manukuu.

Iliyobaki ni flashi. Iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama ni ya GB 64 na iko tupu. Ifomati kwa exFAT, baada ya kuhakikisha TV yako inaisoma. Kwa TV ya zamani ni salama zaidi kuligawa faili, na ile "Multiplexer" inagawa. Ijaribu kwenye TV yenyewe itakayotumika, mchana, kabla watu hawajaja.

Na ukipeleka flashi kwa kijana wa steshenari akuwekee muvi, mwambie asiipunguze kwanza "ili iingie kwenye simu". Programu nyingi za kupunguza ukubwa zinachukua traki ya kwanza ya sauti na kuitupa iliyobaki bila kuuliza. Faili likishapita huko, Kiswahili hakimo tena, na hakuna mpangilio utakaokirudisha. Mwombe faili la mwanzo kabla hajalifuta.